Nikipunguza Vyuma, Watu Watasema Naumwa Tena

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 42, mkazi wa Nyakato hapa Mwanza. Nina mke na watoto watatu, na riziki yangu ninaipata katika duka la nyavu, kamba na maboya lililo karibu na Mwaloni, Kirumba. Ninakuandikia kwa sababu watu wawili ninaowaheshimu, mke wangu na daktari, wananitaka niachane na vyuma vizito, nami kila ninapokubali asubuhi, jioni ninajikuta nimeshafika jimu.

Nimepiga vyuma kwa miaka 15. Nilianzia uani kwa rafiki yangu, tukitumia ekseli ya gari na makopo tuliyoyajaza zege, na sasa ninafanya mazoezi katika jimu ya mtaani yenye vyuma vya kweli, jioni tano kwa wiki. Ninainua kilo 180 kutoka sakafuni na kuchuchumaa na kilo 150 mabegani. Vijana pale jimu wananiita Kocha, sokoni wananiita Baunsa, na sitaficha kwamba majina yote mawili yananipendeza.

Tangu mwaka jana goti la kulia linauma nikipanda ngazi, na linasaga nikiinuka kwenye kiti. Ninameza diklofenaki, kidonge cha kutuliza maumivu, kabla ya mazoezi, ninashushia kinywaji cha kuongeza nguvu, na kazi inaendelea. Hivi karibuni nilimpeleka mtoto zahanati, nikapimwa presha nami, ikasoma 162 kwa 100. Nilirudi siku nyingine ikawa karibu vilevile. Daktari hakuniuliza mengi, alinitazama mabega akasema, "Acha hivyo vyuma, anza kutembea." Mke wangu aliposikia alifurahi, kwa sababu kwa muda mrefu amekuwa akisema vyuma ni mke mwenzake, na kwamba mayai na sangara ninaokula peke yangu vingetosha kulisha nyumba nzima. Wakati huohuo mwenzangu mmoja wa jimu ananiambia kwamba kwa umri wangu nguvu haziwezi kubaki bila sindano za homoni, na kwamba anajua pa kuzipata.

Lipo jambo ambalo mke wangu halijui vizuri. Nikiwa na miaka 26, nikiishi Igogo, niliugua kifua kikuu. Hadi kigundulike nilikuwa nimekonda nikafika kilo 47. Nilipimwa virusi vya Ukimwi, sikuwa navyo, nikameza dawa kwa miezi sita nikapona kabisa. Lakini mtaani hukumu ilikuwa imeshatoka. Mama lishe niliyekuwa ninakula kwake alinitengea sahani yangu na kikombe changu. Familia ya mchumba wangu ikarudisha barua ya posa. Nilianza vyuma mara tu nilipomaliza dozi. Mke wangu nilikutana naye baadaye, na anachojua ni kwamba niliwahi kuumwa kifua. Mwaka juzi nilikaa nyumbani Ukerewe kwa ajili ya msiba, nikakosa mazoezi kwa muda, nikapungua kama kilo nne. Niliporudi dukani mteja wa siku nyingi aliniuliza mbele ya watu, "Vipi bosi, unaumwa?" Usiku ule sikulala.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 13 na ni mwembamba sana. Nimeanza kumhimiza aje jimu, na majuzi nilimwambia mbele ya wenzake kwamba akiendelea kukonda hivyo watu watadhani hatumlishi. Mama yake alinitazama tu.

Je, niache? Kama vyuma vinaniua, mbona ninajisikia mzima kuliko rika langu wote wenye vitambi? Na nikiviacha, nitabaki nani?

Baunsa wa Nyakato

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, baba. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mpangilio wake. Umeanza na kilo unazoinua, ukaja kwenye goti, ukaja kwenye presha, ukaja kwenye mke na sangara, na ndipo kuelekea mwisho ukaniambia habari ya kilo 47, ile sahani iliyotengwa na barua ya posa iliyorudishwa. Swali lako la wazi ni kama vyuma vizito vitakudhuru. Swali lililo chini yake, kama nimekusoma vema, ni kama mwili wako unaruhusiwa kupungua bila jina lako kuchafuka upya. Yote mawili yanastahili jibu, lakini la kwanza lina vipimo na la pili halina, kwa hiyo niruhusu nianze na lile lenye vipimo. Mimi si daktari. Nitakayokueleza ni ya kukusaidia kuuliza vizuri utakaporudi kwa wataalamu.

Mtu anapoinua mzigo wa mwisho wa uwezo wake hubana pumzi, kifua na tumbo hukaza, misuli nayo huibana mishipa, na damu husukumwa kwa nguvu ambayo mwili haukutani nayo katika shughuli za kawaida. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliingiza kipimo ndani ya mshipa wa mkono wa wanyanyua vyuma watano walipokuwa wakisukuma mzigo mzito kwa miguu yote miwili. Wastani wa kilele cha presha ulifika 320 kwa 250, na mmoja wao alipita 480 kwa 350. Presha hiyo hushuka mara mzigo unapowekwa chini, na mishipa mizima huistahimili, ndiyo maana wanyanyua vyuma wengi huzeeka salama. Lakini wewe unaingia kwenye mzigo huo ukiwa tayari umeanzia juu. Moyo unaosukuma dhidi ya presha kubwa kwa miaka hunenepa kuta zake, na kwa watu wachache ambao mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo umetanuka bila wao kujua, kilele kama hicho kimewahi kuupasua. Ni jambo la nadra. Silitaji ili kukutisha, ila kwa sababu kipo kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti kinachoweza kuuonyesha ukubwa wa mshipa huo na unene wa kuta za moyo, na katika mji wenye hospitali ya rufaa kama Bugando ni haki yako kuuliza kama unakihitaji.

Kabla ya hapo, hata hivyo, nina shaka kidogo na namna ile 162 ilivyopatikana. Mkanda wa kupimia presha una saizi, na mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli. Mkono wako baada ya miaka 15 ya vyuma si mkono wa kila mtu. Omba mkanda mkubwa, ukae umetulia kwa dakika tano, mgongo umeegemea na miguu iko chini, na upimwe siku tofauti ambazo hukunywa kile kinywaji cha kuongeza nguvu, kwa kuwa kafeini yake nayo huipandisha presha kwa muda. Sisemi haya ili ujishikilie kwenye mkanda na kujiambia kwamba huna tatizo. Presha huhesabiwa kuwa ya juu kuanzia 140 kwa 90 katika siku mbili tofauti, na wewe uko mbali juu ya hapo. Ninasema ili tiba itakayopangwa ipangwe juu ya namba ya kweli.

Lipo jambo jingine ambalo pengine hakuna aliyekuambia: diklofenaki yenyewe inaweza kupandisha presha. Dawa za jamii hiyo huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, huzielemea figo zikitumiwa mara kwa mara, na huongeza hatari ya maradhi ya moyo. Halafu kwa goti ndiyo zinakudanganya kabisa, maana maumivu yalikuwa yanakuomba upunguze mzigo, wewe ukayanyamazisha ukaongeza sahani za chuma. Huenda sehemu ya presha unayolaumiwa kwa ajili ya vyuma inatoka kwenye kidonge unachokimeza ili uweze kuvinyanyua. Mwambie daktari waziwazi unakitumia mara ngapi.

Kuhusu goti lenyewe, wapo watafiti wa Ufini ambao mwaka 1995 walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za magoti wanamichezo wa zamani wa kiwango cha juu. Dalili za kusagika kwa maungio zilionekana kwa asilimia 31 ya wanyanyua vyuma, asilimia 29 ya wacheza mpira, asilimia 14 ya wakimbiaji na asilimia 3 tu ya walenga shabaha. Utaona kwamba wanyanyua vyuma hawakuwa mbali na wacheza mpira, ambao hakuna anayewaambia waache kwa kuwatazama mabega. Watafiti hao waliona pia kwamba majeraha ya zamani ya goti, uzito mkubwa wa mwili tangu ujana, na kazi nzito au za kuchuchumaa na kupiga magoti zilichangia. Kwa hiyo goti linalosaga si lazima liwe limekwisha. Linahitaji kupimwa, na mara nyingi tiba yake ni pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kwa mzigo linaoweza kuubeba bila kidonge.

Sindano ni habari nyingine, na hapo sitazungukazunguka. Watafiti wa Ufini, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2000, waliwafuatilia wanyanyua vyuma 62 wa daraja la juu kwa miaka 12. Waliokufa katika muda huo walikuwa asilimia 12.9, wakati katika kundi la wanaume wa kawaida walilolinganishwa nalo walikuwa asilimia 3.1, na kilichoshukiwa zaidi ni homoni za kukuza misuli. Homoni hizo hunenepesha moyo, hushusha mafuta mema ya damu, huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa, na kwa mwanaume husinyaza korodani na kuipunguza mbegu. Zikija katika chupa isiyojulikana ilikotoka, na sindano iliyopita kwa wengine, zinaweza kuleta kweli ugonjwa uleule ambao Igogo walikusingizia. Presha yako ilivyo, huyo mwenzako anakuuzia kitu ambacho hata yeye hajui bei yake.

Sasa nikutetee kidogo, kwa sababu naona watu wengi wamekusema na wachache wamekusikiliza. Huko sahihi kwa yote, lakini huko mbali na ukweli unapojisikia mzima. Mazoezi ya nguvu huimarisha mifupa, huusaidia mwili kuitumia sukari ya damu, na yakifanywa kwa kiasi hushusha kidogo hata presha ya wakati wa kupumzika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima waimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Kwa hiyo daktari aliyekuambia utembee alikuwa na hoja. Ninachotaka ukamwulize ni kama alimaanisha vyuma vyote, au vile vya kilo 180. Kati ya hizo amri mbili pana nafasi kubwa.

Ndani ya nafasi hiyo mna njia kadhaa, na kila moja ina gharama yake. Ukiacha kabisa na kwa ghafla, goti litapata nafuu na mkeo atafurahi kwa muda, lakini utapoteza misuli ambayo katika umri wako ni akiba ya uzeeni, utapoteza jioni zako na wale vijana, na ninaogopa kwamba kilo za kwanza zitakapopungua hofu ile ya zamani itakurudisha jimu kwa kishindo, na mzigo mzito kuliko wa awali. Ukiendelea kama ulivyo, unajua mwenyewe unachokiweka rehani. Njia ya katikati ni kuishusha presha kwanza kwa tiba, kisha, kwa ruhusa ya daktari, kutumia mizigo unayoweza kuirudia mara 10 hadi 15, ukitoa pumzi wakati wa kusukuma badala ya kuibana, na kuishia kabla nguvu hazijakwisha kabisa, kwa kuwa kujilazimisha hadi mwisho kunaipandisha presha hata kwa mzigo mdogo. Misuli hukua na kubaki hata kwa mizigo myepesi. Kitakachopungua ni ile namba ya juu kabisa, na lazima nikuambie kwamba miezi ya kwanza utaona unachezea chuma na vijana watakutania. Wengine wangekuongezea kuogelea kwa ajili ya goti; mimi nasita, maana kichocho cha ufukwe wetu unakijua vizuri kuliko mimi. Baiskeli kwenye barabara tambarare ingefaa, kama utaipata barabara tambarare katika mji huu wa miamba.

Umeniuliza utabaki nani. Kabla ya kulijibu hilo, ngoja tumrudie yule mteja aliyekuuliza, "Vipi bosi, unaumwa?" Wewe ulisikia sauti ya Igogo. Inawezekana alimaanisha hivyo. Inawezekana pia kwamba alikuwa amesikia umetoka msibani, akakuona umepungua, akakujulia hali kama tunavyojuliana hali sisi sote huku, ambako mtu hawezi kurudi safari bila kuambiwa kwamba amenenepa au amekonda. Mimi sikuwepo, siwezi kuamua. Ninachokiona ni kwamba kwa miaka 15 umekuwa ukijibu swali ambalo wengi wa wanaokuzunguka sasa hawajawahi kuliuliza, kwa sababu hawakukujua wakati ule. Na tazama jambo hili: wanaokusifia mwili leo wanaangalia mtu mwenye presha ya 162 kwa 100 na kumwona mzima, kama wale wa Igogo walivyomwangalia mtu aliyekuwa anapona kifua kikuu wakamwona marehemu. Macho yao yalikosea ulipokuwa mwembamba, na yanakosea sasa. Je, ni sawa kuendelea kuwapa kazi ya kukupima?

Sikudharau kwa kujali. Kutengewa sahani ni jambo linaloingia ndani, na kijana aliyejijenga upya kwa ekseli na makopo ya zege alifanya kitu cha heshima, tena akiwa peke yake. Vijana wanaokuita Kocha, nadhani, wanakuita hivyo kwa sababu unawafundisha na unawasubiri wamalize, si kwa sababu ya kilo 180 tu. Unaweza kulijaribu hilo bila kupoteza kitu: tumia jioni moja kuwafundisha namna ya kupumua na kushika mgongo, huku mwenyewe ukitumia mzigo mdogo, uone kama jina litabadilika.

Mkeo anashindana na mke mwenzake asiyemjua. Anadhani ni majivuno, kwa kuwa sababu nyingine hajapewa. Kumweleza kuna hatari zake: anaweza kuumia kwamba ulimficha kwa miaka yote hii, anaweza kutaka mkapime wote wawili ili moyo wake utulie, na anaweza, kwa bahati mbaya, kuyapeleka maneno kwa dada zake. Wewe unamfahamu kuliko mimi. Lakini kutomweleza nako kunamfanya aipinge kinga yako bila kujua kwamba ni kinga, na ule mtazamo aliokupa uliposema na kijana wenu unaniambia kwamba tayari anahisi lipo jambo.

Kuhusu kijana, vyuma vyepesi chini ya msimamizi mzuri havidumazi mtoto wa miaka 13, ingawa watu wengi wanaamini hivyo, na wembamba wa umri huo mara nyingi ni urefu uliotangulia nyama. Kama ana hamu na anakula vizuri, hakuna ubaya akija kujifunza mikao kwa fimbo tupu. Lakini yale maneno kwamba watu watadhani hatumlishi, aliyasikia mbele ya wenzake, kutoka kwa baba yake, na sidhani kama ni mbavu zake ulizokuwa unaziogopa. Ungependa akija jimu aje kwa sababu gani?

Utakaporudi hospitali, beba orodha ya vyote unavyomeza na kunywa, na usiache kutaja kifua kikuu hata kama ni cha miaka mingi iliyopita, kwa kuwa mapafu yaliyopona yanaweza kubaki na makovu, na anayekupangia mazoezi ya kukaza kifua anapaswa kulijua hilo. Daktari atakuuliza uliugua lini, ukatibiwa wapi na kwa muda gani. Mkeo, kwa jinsi alivyofurahi kusikia ushauri wa kwanza, bila shaka atataka kukusindikiza, kwa hiyo ama awe ameshayasikia kwako nyumbani, ama atayasikia mle chumbani kwa daktari, ama utamwomba asubiri nje. Hilo la kupanga ni lako, baba, na siku ya kwenda bado hujaipanga.